Nyota huzaliwa gizani, ndani ya mawingu ya baridi kali

Anayetazama angani saa mbili usiku mwezi wa Januari humu nchini ataona nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Huo ni mshipi wa Orioni. Karibu nao ipo nukta hafifu yenye ukungu. Hiyo si nyota, bali ni Nebula ya Orioni, wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa miaka ya nuru 1,350 hivi. Mwanga wake tunaouona leo ulianza safari karne nyingi kabla ya Wareno kujenga Fort Jesus mnamo 1593.

Humo nyota zingali zinazaliwa. Ajabu ni kwamba moto huo huanzia kwenye baridi. Sehemu nzito za mawingu hayo, ambayo kwa wingi ni hidrojeni, hufikia nyuzi 260 chini ya sufuri. Gesi ya moto hutanuka na kukataa kubanwa. Iliyopoa haina nguvu za kupinga uvutano wake yenyewe. Donge linapozidi uzito, hujiporomokea ndani. Kadiri linavyosinyaa ndivyo linavyozunguka kwa kasi, na masalio hutandaa kandokando mfano wa sahani. Sayari hutokana na sahani hiyo, dunia yetu ikiwemo.

Kiini nacho huzidi kupata joto hadi kufikia nyuzi milioni 10 hivi. Hapo hidrojeni huanza kuungana kuwa heliamu, na nyota huwa imekamilika. Kwa nyota mfano wa jua, shughuli hiyo huchukua makumi ya mamilioni ya miaka.

Vumbi huficha uzazi huo, ila miale ya infraredi hupenya. Ndiyo sababu darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021, iliundwa kuinasa.

Hata hivyo, watoto hawa hawana shukrani. Nyota kubwa zilizo katikati ya Orioni hutoa miale mikali inayolipeperusha wingu lililozizaa, na sehemu ndogo tu ya gesi ndiyo hugeuka nyota.

Kilimia, kundi lenye umri wa takriban miaka milioni 100, lilikwisha kuachana na wingu lake zamani. Ukungu unaoonekana katika picha zake ni vumbi jingine ambalo nyota hizo zinalipitia tu.