Dirisha dogo: Somo la Ihefu na Ruvu Shooting kwa mkulima na mfanyabiashara

UKIPITA Mlandizi kwa Barabara ya Morogoro, takriban kilomita 60 kutoka Dar es Salaam, utaona biashara ya kila aina. Kuna mihogo, machungwa na maembe ya msimu kutoka mashamba ya Kibaha na yale ya njia ya Mzenga na Maneromango wilayani Kisarawe. Kuna mama lishe wanaowasubiri madereva wa malori, na vijana wa bodaboda wanaowasubiri abiria wanaoshuka kwenye mabasi.

Mji huo pia una Uwanja wa Mabatini, ambao kwa miaka mingi ulikuwa nyumbani kwa Ruvu Shooting, timu ya askari wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Mashabiki nchini waliifahamu zaidi kwa maneno ya msemaji wake, Masau Bwire, aliyekuwa akitamba kwamba mpinzani akija "atapapaswa". Siku ya mchezo, muuza maji, muuza karanga na mama lishe walijua kwamba mfuko ungejaa kuliko siku za kawaida.

Msimu wa 2022/23 mambo yaliharibika. Ruvu Shooting, iliyoanza msimu chini ya kocha mzoefu Charles Boniface Mkwasa, ilikwama chini ya msimamo. Mkwasa aliondoka kabla msimu haujaisha, lakini timu haikuinuka. Mwisho wa hesabu ilikuwa ya 16 kati ya timu 16, ikashuka daraja pamoja na Polisi Tanzania.

Katika msimu huohuo ilikuwapo timu nyingine iliyokuwa hoi: Ihefu ya Mbarali mkoani Mbeya, kule kwenye mashamba makubwa ya mpunga. Nayo ilianza vibaya na ikawa chini kabisa miezi ya mwanzo. Lakini ilipofika Januari 2023, Ihefu ilitia fedha katika usajili wa katikati ya msimu, ikapona na kumaliza katika nusu ya juu ya msimamo.

Timu mbili zilikuwa na shida moja, na mwisho wao ukawa tofauti. Mkulima na mfanyabiashara mdogo wana la kujifunza hapa, kwa kuwa uamuzi wa namna hii huwafika hata wao.

Dirisha dogo ni nini?

Klabu za Ligi Kuu Tanzania Bara huruhusiwa kusajili mara mbili kwa msimu. Mara ya kwanza ni kabla ligi haijaanza, na hilo huitwa dirisha kubwa. Mara ya pili ni katikati ya msimu, kwa kawaida kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari. Hilo ndilo dirisha dogo.

Kwa mkulima wa Pwani, tarehe hizo si ngeni. Ni wakati ambao mvua za vuli zimekwisha au zinakwisha, na kila mtu ameshaona shamba lake limesimama vipi. Masika bado hayajafika. Aliyepata vuli nzuri hutulia na kuandaa shamba. Aliyepoteza vuli huanza kujiuliza: nikope ninunue mbegu nyingine, nikodi trekta, au nivumilie na kidogo kilichobaki?

Klabu iliyo mkiani hujiuliza swali hilohilo, huku ikikabiliwa na ugumu wa namna tatu.

Kwanza, wachezaji wazuri huwa tayari wana mikataba na klabu zao, kwa hiyo bei hupanda. Wanaopatikana kwa urahisi ni wale wasiopata nafasi walipo, waliotoka kwenye majeraha, au walioachwa. Ni kama kununua mbegu Januari: duka halijafungwa, lakini zile nzuri zimeshachukuliwa na waliowahi.

Pili, muda ni mfupi. Timu ikiwa imebakiza michezo 10, hata ikishinda yote itapata pointi 30 tu. Mchezaji mgeni anayehitaji wiki sita kuzoea wenzake atakuwa ameshakula karibu nusu ya muda huo.

Tatu, fedha yenyewe. Tuchukue mfano wa kubuni. Mchezaji mmoja analipwa Sh5 milioni za usajili, mshahara wa Sh2 milioni kwa mwezi kwa miezi mitano, na nyumba ya Sh300,000 kwa mwezi. Jumla ni Sh16.5 milioni. Klabu ikileta watano wa namna hiyo, imefunga Sh82.5 milioni, bila kuhesabu nauli, matibabu na posho. Fedha hiyo hailipiki kwa viingilio vya uwanja mdogo.

Ihefu walicheza vipi karata yao?

Novemba 29, 2022, Ihefu waliifunga Yanga mabao 2-1 kwenye Uwanja wa Highland Estate, Ubaruku, na kukatisha rekodi ya Yanga ya kucheza michezo 49 ya ligi bila kupoteza. Wakati huo Ihefu walikuwa bado wanahangaika chini ya msimamo, na dirisha dogo lilikuwa halijafunguliwa. Kwa maneno mengine, timu ilikuwa imeshaonyesha kwamba mizizi bado ni mizima.

Hapo ndipo viongozi wake walipoingia sokoni. Walimchukua mshambuliaji Yacouba Songne kutoka Burkina Faso, aliyewahi kung'ara Yanga kabla ya kuumia goti na kukaa nje kwa muda mrefu. Kutoka Simba waliwachukua kwa mkopo Wanigeria wawili, Victor Akpan na Nelson Okwa, ambao hawakuwa wakipata nafasi ya kutosha Msimbazi.

Angalia aina ya manunuzi hayo. Mchezaji wa mkopo ni sawa na trekta ya kukodi. Humiliki, lakini hubebi mzigo wote wa bei yake, na msimu ukiisha unaweza kuirudisha kwa mwenyewe. Mkulima wa mpunga wa Mbarali anayekodi trekta au pawatila kwa siku chache analijua hilo. Hawezi kununua mashine ya mamilioni kwa sababu ya msimu mmoja mbaya, lakini anaweza kuikodi ili msimu huo usipotee wote.

Aidha, waliosajiliwa walikuwa wanaijua ligi. Akpan aliwahi kuchezea Coastal Union ya Tanga. Yacouba aliijua Tanzania, viwanja vyake na safari zake ndefu za barabarani. Hawakuhitaji kufundishwa kila kitu upya.

Hata wakubwa huumia

Asidhani mtu kwamba mwenye fedha nyingi hawezi kukosea. Januari 2023 Simba walimleta Jean Baleke kwa mkopo kutoka TP Mazembe ya Lubumbashi. Alifunga mabao mapema na mashabiki wakampenda. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2024, Simba waliwaacha kwa pamoja Baleke na Mzambia Moses Phiri, wakaleta washambuliaji wawili wapya: Freddy Michael Koublan kutoka Green Eagles ya Zambia, na Pa Omar Jobe, raia wa Gambia aliyekuwa akicheza Kazakhstan.

Msimu wa 2023/24 ulipoisha, Simba walikuwa wa tatu nyuma ya Yanga na Azam, wakakosa nafasi ya kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika msimu uliofuata. Jobe hakudumu. Baleke naye alirudi nchini katikati ya 2024, safari hii akivaa jezi ya Yanga.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Huwezi kusema Simba walikosa ubingwa kwa sababu hiyo moja tu. Lakini kubadili safu nzima ya ushambuliaji katikati ya msimu ni sawa na mfugaji kuuza ng'ombe wawili wanaokamuliwa ili anunue mitamba ambayo hajaiona ikizaa. Huenda mitamba ikawa bora baadaye, lakini maziwa ya mwezi huu yatatoka wapi?

Simba waliweza kubeba hasara hiyo kwa sababu wana wadhamini na mashabiki nchi nzima. Timu ndogo ikikosea namna hiyo, inashuka daraja. Na madeni hayashuki nayo. Klabu kadhaa za Tanzania zimewahi kufungiwa na Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) kusajili kwa sababu ya kutowalipa wachezaji au makocha waliowaacha. Fedha iliyokopwa ili kuokoa msimu mmoja ikafunga mlango wa msimu uliofuata.

Mama lishe ndiye anayelipa

Hesabu za klabu hufanywa na viongozi wake. Anayeumia bila kuulizwa ni mfanyabiashara wa jirani na uwanja.

Katika ligi ya timu 16, kila timu hucheza nyumbani mara 15. Tuseme mama lishe wa Mlandizi huuza sahani 30 siku ya kawaida, na siku ya mchezo huuza 70. Kwa faida ya Sh600 kwa sahani, sahani 40 za ziada humpa Sh24,000. Kwa michezo 15 ni Sh360,000 kwa msimu.

Ni fedha nzuri, lakini haitabiriki. Ruvu Shooting iliwahi kupeleka mbali hata michezo yake mikubwa ya nyumbani. Mei 2022, kwa mfano, iliipokea Yanga Kigoma, kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika. Timu ilitafuta viingilio vikubwa zaidi, na hilo lilikuwa na maana kwake, lakini mama lishe wa Mlandizi alibaki na sufuria zake. Toa michezo miwili ya Simba na Yanga, faida inabaki Sh312,000.

Sasa tuseme mama huyo, akiona watu wanajaa, alikopa Sh1.5 milioni kwenye kikundi chake kwa riba ya asilimia 10 ili apanue banda. Anatakiwa kurudisha Sh1,650,000. Hata akipata michezo yote 15, faida ya mpira peke yake ingehitaji zaidi ya misimu minne kulimaliza deni hilo. Timu ikishuka baada ya msimu mmoja, amekwama.

Mbarali walipata pigo la aina nyingine. Huko timu haikushuka. Ihefu iliendelea kufanya vizuri, ikaifunga tena Yanga 2-1 Oktoba 2023. Kisha katika dirisha dogo la Januari 2024 yakaja mabadiliko makubwa zaidi: kundi la wachezaji wa Singida Fountain Gate, wakiwamo Marouf Tchakei, Duke Abuya na Elvis Rupia, walihamia Ihefu. Na Ihefu yenyewe ikahamishia makazi Singida, kwenye Uwanja wa Liti. Mwaka huohuo ikabadili jina na kuitwa Singida Black Stars.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa Mlandizi alipoteza ligi kwa sababu timu yake ilishindwa, na yule wa Ubaruku akaipoteza wakati timu yake inashinda. Wote wawili walikuwa wameegemea kitu ambacho hawakuwa na kauli juu yake.

Mambo ya kuzingatia

Kabla hujaingiza fedha mpya katikati ya msimu, iwe ni shambani, bandani au dukani, jiulize yafuatayo.

Mizizi ni mizima? Ihefu walisajili wakati timu imeshaonyesha uhai. Mahindi yaliyodumaa kwa kukosa mbolea yanaweza kuokolewa. Yaliyokauka kwa jua hayaokolewi kwa mbolea, hata ungeinunua kwa mkopo.

Unaweza kukodi badala ya kununua? Kama shida ni ya msimu mmoja, tafuta dawa ya msimu mmoja.

Unakijua unachokileta? Mbegu iliyofanya vizuri Mbeya si lazima ifanye vizuri kwenye udongo na joto la Pwani. Jaribu eneo dogo kwanza.

Muda uliobaki unatosha? Mbegu ya siku 120 haifai kama mvua iliyobaki ni ya siku 60.

Ukishindwa, utabaki na nini? Kama jibu ni deni peke yake, acha.

Kwa wafanyabiashara wa Mlandizi, habari njema ni kwamba mji wao hautegemei mpira. Malori ya Barabara ya Morogoro yanapita usiku na mchana, bandari kavu ya Kwala iko jirani, na Dar es Salaam inahitaji mboga na matunda yao kila siku. Mteja wa namna hiyo ndiye wa kukopea banda. Mteja wa siku ya mchezo ni wa kuongezea sahani, na faida yake iende kwenye akiba.

Ruvu Shooting iliwahi kushuka mwaka 2015, ikajipanga na kurudi Ligi Kuu msimu wa 2016/17. Siku Mabatini itakapojaa tena, atakayefaidi zaidi ni yule ambaye hakuacha kuuza wakati uwanja uko mtupu.