Mkuki na Dawa: Hesabu ya Kumjenga Shujaa wa Pande Mbili

Lutindi iko juu katika milima ya Usambara, upande wa Korogwe. Ng'ambo ya mto Pangani ndiyo nchi ya Handeni, na mbele yake milima ya Nguu. Masimulizi ya Wakilindi, yaliyoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, yasema kwamba Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu, alitoka Nguu akaingia Usambara, na Wasambaa wakamtawaza huko Vuga. Wanahistoria hukadiria kuwa hayo yalitokea katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Mbegha alikuwa na mambo mawili: silaha, aliyowaulia wanyama waharibifu wa mashamba pamoja na simba, na uganga, uliomtia heshima mbele za watu.

Mtu wa namna hiyo, mpiganaji aliye pia mganga, ni kipenzi cha wachezaji wa michezo ya kuigiza wahusika. Mchezo wa kwanza wa aina hiyo kuuzwa ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji humbuni mhusika na kueleza kwa maneno atendalo. Msimamizi hueleza yatokeayo. Na penye mashaka, dadu huamua. Je, shujaa wa pande mbili huwa na nguvu kuliko wa upande mmoja? Jibu limo katika hesabu.

Bahati ya dadu tatu

Mhusika ana sifa sita, miongoni mwazo nguvu za mwili na akili. Kwa kanuni za awali, kila sifa hupatikana kwa kurusha dadu tatu na kujumlisha. Dadu tatu zaweza kuanguka kwa namna 6 × 6 × 6, yaani 216. Jumla ya 18 hupatikana kwa namna 1 tu, 17 kwa namna 3, 16 kwa namna 6, na 15 kwa namna 10. Kwa hiyo uwezekano wa kupata 15 au zaidi ni 20/216, karibu 9 katika 100.

Mpiganaji hutaka sifa moja kubwa. Mpiganaji-mganga hutaka mbili kwa pamoja. Kwa kuwa mrusho mmoja hauathiri mwingine, uwezekano huzidishwa: 20/216 × 20/216, yaani karibu mara 1 katika 117. Lakini mchezaji akiruhusiwa kurusha mara sita kisha kuyapanga matokeo kwenye sifa apendavyo, uwezekano wa kupata angalau mbili za 15 au zaidi hupanda hadi karibu 1 katika 10. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuthibitisha tarakimu hizo.

Gharama ya kugawanya

Katika kanuni za mwaka 1978, mhusika wa kazi mbili hugawanya sawasawa alama za uzoefu azipatazo. Mtu angedhani kwamba mwenye nusu ya alama atafika nusu ya daraja. Sivyo. Mpiganaji hupanda daraja la 2 akipita alama 2,000, la 3 akipita 4,000, la 4 akipita 8,000, la 5 akipita 18,000, na la 6 akipita 35,000. Madai huongezeka karibu maradufu kila mara. Kwa hiyo kupoteza nusu ya alama ni kupoteza daraja moja tu. Mwenye alama 40,000 akiwa mpiganaji mtupu yuko daraja la 6. Akigawanya, huwa mpiganaji wa daraja la 5 na mganga wa daraja la 4.

Hali hubadilika juu zaidi. Baada ya daraja la 10, kila daraja hudai alama 250,000 zilezile. Kwa jedwali hilo, alama 1,600,000 humfikisha mpiganaji daraja la 14, na nusu yake daraja la 11. Pale ongezeko linapoacha kuwa la kuzidisha likawa la kujumlisha, mgawanyo huanza kuuma.

Gharama nyingine iko mwilini. Kwa kila daraja, mpiganaji hupata uhai kwa dadu ya pande 10, wastani 5.5, mganga kwa dadu ya pande 4, wastani 2.5. Mwenye kazi mbili hupata nusu ya kila mrusho. Kwa alama zilezile 40,000, mpiganaji mtupu atakuwa na uhai wa wastani wa 33, mpiganaji-mganga karibu 19, na mganga mtupu, aliye daraja la 5, kati ya 12 na 13.

Kuunganisha

Tarakimu hizo zaonyesha njia. Shujaa wa pande mbili akisimama mstari wa mbele kama mpiganaji mtupu, atakufa mapema. Nguvu yake haimo katika kufanya kazi ileile kwa njia mbili. Dawa itumike pale mkuki usipofika: kumkinga, kumficha, kumlaza adui usingizi. Mkuki nao utumike dawa inapokwisha. Kila upande uzibe pengo la mwenziwe.

Wasambaa walilijua jambo linalofanana na hilo. Mfalme mmoja mwenye mamlaka yote, pamoja na dawa za mvua, aliaminiwa kuistawisha nchi. Bali wenye mamlaka wakishindana, hali waliyoiita nguvu kwa nguvu, njaa hufuata. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, mamlaka yaligawanyika: Vuga ilibaki na heshima ya mvua, na Semboja wa Mazinde akajipatia bunduki kwa biashara ya misafara. Mkuki na dawa vilipotengana na kukabiliana, vita vikaingia, na ufalme haukurudia tena umoja wake wa zamani.