Lubumbashi: Mwezi wa kuchoma majani ndio unaamua maua ya pori

Mvua zimekwisha Haut-Katanga, na kandokando ya barabara za Kasenga, Likasi na Kipushi majani yameanza kukauka. Mpaka mwezi wa kumi, wakulima, wachoma makala na wawindaji watawasha moto kwenye mipaka ya mashamba na ndani ya miombo. Watu wanabishana kama inafaa kuchoma ao hapana. Kwa maua ya pori, jambo kubwa zaidi ni mwezi ambao moto unapita.

Mfano mzuri uko Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Majaribio yalianza huko mwaka wa 1933: vipande fulani vya pori vilichomwa mapema kila mwaka, vingine mwishoni mwa kiangazi, vingine vilikingwa na moto. Miaka ilipopita, penye moto wa mwisho miti ilikwisha, majani marefu yakashika nafasi. Penye moto wa mapema miombo ilibaki. Palipokingwa, miti ilisongamana.

Sababu ni wazi. Mwezi wa tano na wa sita majani yangali na maji kidogo, kwa hiyo moto ni mpole. Mwezi wa tisa yote yamekauka, na ndipo miombo inatoa majani mapya na maua, hata kabla ya mvua. Moto wa wakati huo unaunguza machipukizi. Nyuki wanakosa maua, mwenye mizinga anakosa asali.

Maua mengi ya chini yana viazi ao mizizi minene ndani ya udongo, kama okidi zinazotupatia chikanda. Moto mpole hauyaui. Mengine yanachanua kisha moto kupita, kwa kuwa yamepata mwangaza. Lakini yale yanayoota kwa mbegu tu yanahitaji nafasi ya kuziangusha kwanza.

Basi mwenye shamba asichome mpaka wote mara moja. Alime mstari mtupu kuzunguka shamba, achome kipande mapema, jioni upepo ukitulia, watu wakisimama na matawi mabichi, na kipande kingine akiache mpaka mwaka ujao.

Kuzunguka Lubumbashi, miti mingi imekwisha kwa makala. Visiki vyake vinaweza kuchipuka tena. Moto wa mwezi wa tisa ukirudi kila mwaka, machipukizi hayo hayatakuwa miti.