P2: Kidonge cha Dharura na Yale Mnunuzi Asiyoambiwa

Katika famasi nyingi za Nairobi na Dar es Salaam kuna dawa ambayo wateja huitaja kwa sauti ya chini: P2. Mara nyingi huuzwa bila cheti cha daktari na bila maelezo. Mteja hulipa, huitumbukiza pakiti mkobani, akaenda zake. Yale ambayo hakuambiwa pale kaunta yanaweza kumdhuru kuliko chochote kilichomo ndani ya kidonge.

Jina hilo ni ufupisho wa Postinor-2, dawa ya kampuni ya Gedeon Richter ya Hungary, iliyozoeleka ikiwa na tembe mbili za miligramu 0.75 za homoni iitwayo levonojestreli. Tembe moja ilimezwa mapema, ya pili baada ya saa 12. Mwaka 2002 utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ulionyesha kwamba kuzimeza zote mbili kwa mara moja hufanya kazi vilevile, na ndiyo maana aina nyingi za siku hizi huwa na kidonge kimoja cha miligramu 1.5. Aliyeuziwa pakiti ya tembe mbili hana sababu ya kuamka usiku wa manane kutafuta ya pili.

Wengi hudhani kwamba mimba hutunga papo hapo, usiku uleule. Sivyo. Mbegu za kiume huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, ilhali yai likishatoka kwenye ovari huishi kati ya saa 12 na 24 tu. Levonojestreli hufanya kazi katika siku hizo ambazo mbegu zinalisubiri yai. Huzuia au kuchelewesha wimbi la homoni kutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, wimbi ambalo ndilo huifanya ovari iachilie yai. Yai lisipotoka kwa wakati, mbegu hufa bila kukutana nalo. Wimbi hilo likishapanda, kidonge hakiwezi tena kulirudisha.

Jambo hili lilipimwa mjini Santiago, Chile, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Watafiti walitumia vipimo vya damu na picha za ultrasaundi kubaini kila mwanamke alikuwa katika hatua gani ya mzunguko wake alipomeza dawa. Kati ya wanawake 87 waliomeza kabla yai halijatoka, mimba 13 zilitarajiwa. Haikutunga hata moja. Kati ya 35 waliomeza siku yai lilipotoka au baadaye, zilitarajiwa mimba 7, zikatunga 6. Kwa kundi hili la pili, dawa ilikuwa kama haikumezwa.

Matokeo hayo yanajibu pia tuhuma nzito kwamba P2 hutoa mimba. Kwa hofu ya aina hiyo, Mahakama ya Katiba ya Peru iliizuia serikali kuigawa dawa hii bure mwaka 2009. Honduras iliipiga marufuku mwaka huohuo, na haikuiruhusu tena kikamilifu hadi 2023. Lakini kama levonojestreli ingekuwa inaliharibu yai lililokwisha kurutubishwa, wale wanawake wa Santiago waliochelewa wasingepata mimba kwa kiwango kinachokaribiana na kilichotarajiwa. Desemba 2022, mamlaka ya dawa ya Marekani ilibadilisha maelezo ya dawa hii na kueleza wazi kwamba haizuii yai lililorutubishwa kujipandikiza. Mwanamke ambaye tayari ana mimba akiimeza, mimba yake huendelea.

Na ule usemi wa mitaani kwamba ni “bomu la homoni” litakaloharibu kizazi? Ni kweli dozi ni kubwa. Kidonge kimoja cha kila siku cha Microgynon kina mikrogramu 150 za levonojestreli, kwa hiyo dozi ya dharura ni sawa na vidonge 10 vya aina hiyo kwa mkupuo. Mwili huihisi: kichefuchefu, kichwa kuuma, kizunguzungu, uchovu, matiti kuuma. Hedhi inaweza kuja mapema au kuchelewa, na matone ya damu yanaweza kutokea katikati. Hata hivyo homoni hiyo huondoka mwilini baada ya siku chache, na hakuna ushahidi kwamba husababisha utasa. Katika mwongozo wake, WHO haitaji ugonjwa wowote ambao hatari za dozi hii huzidi faida zake. Binti anayelia usiku kucha kwamba hatazaa kamwe kwa sababu alimeza P2 anastahili kuambiwa jambo hili waziwazi, tena bila kusimangwa.

Hatari iko kwingine, na hasa katika kuamini kwamba kidonge kimemkinga mtu kuliko kilivyomkinga.

Chukua mfano wa muda. Pakiti husema saa 72, na wengi huzisoma kama ruhusa ya kusubiri hadi siku ya tatu. Mwaka 1998 WHO ilichapisha matokeo ya jaribio la karibu wanawake 2,000. Kwa waliomeza levonojestreli ndani ya saa 24, dawa ilizuia asilimia 95 ya mimba zilizotarajiwa. Kati ya saa 25 na 48 ikashuka hadi 85, na siku ya tatu hadi 58. Saa 72 ni ukingo. Aliyetapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza anapaswa kurudia dozi.

Kisha kuna yanayofuata. Kidonge kimeahirisha kutoka kwa yai; hakikulifuta. Mwanamke akikutana tena na mwenziwe siku mbili baadaye bila kinga, yai lililocheleweshwa linaweza kuzikuta mbegu mpya. Wanaoimeza kila wiki kana kwamba ndiyo njia yao ya uzazi wa mpango hupata kinga dhaifu kuliko ya sindano au vipandikizi, na hedhi yao huvurugika hadi wasijue kama wamechelewa au la.

Dawa nyingine nazo huinyang’anya nguvu. Rifampisini ya kifua kikuu, karbamazepini na fenitoini za kifafa, na efavirenzi iliyotumiwa kwa miaka mingi katika matibabu ya VVU, zote hulifanya ini liivunjevunje levonojestreli kwa kasi. Tangu 2016 Uingereza huwashauri wanawake wa kundi hili watumie kitanzi cha shaba, na kama hakiwezekani wameze dozi maradufu. Pia kwa wenye uzito mkubwa dawa inaweza kupungua nguvu. Kuna maswali mawili tu ambayo mwuza dawa angeweza kuyauliza kwa nusu dakika: unatumia dawa gani nyingine, na ulikutana lini?

Ubora wa kidonge chenyewe usichukuliwe kuwa jambo la hakika. Mjini Lima, Peru, watafiti walipima sampuli 25 za vidonge vya dharura na kuchapisha matokeo mwaka 2014: zaidi ya robo hazikufikia ubora, na moja ilikuwa na dawa ya bakteria, sulfamethoksazoli, badala ya homoni. Anayemeza kidonge cha namna hiyo hana njia ya kutambua.

Wala P2 haizuii VVU, kaswende au kisonono. Kwa aliyebakwa, saa 72 hizo zina maana ya pili: ndizo pia kikomo cha kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, ambazo hutolewa hospitalini na si kwenye kaunta ya duka. Akiishia dukani, amepata nusu ya msaada.

Zipo njia nyingine. Ulipristali, kidonge cha miligramu 30, hufanya kazi hadi saa 120 na huweza kuchelewesha yai hata wimbi la homoni likiwa limeanza kupanda. Huko Hong Kong, jaribio lililochapishwa mwaka 2023 lilichanganya levonojestreli na piroksikamu, dawa ya kawaida ya maumivu. Katika wanawake 418 waliopewa mchanganyiko alipata mimba mmoja. Katika 418 waliopewa levonojestreli na kidonge kisicho na dawa, walipata 7.

Njia yenye nguvu kuliko zote ni kitanzi cha shaba, ambacho Kenya huitwa koili. Kikiwekwa na mhudumu aliyefunzwa ndani ya siku 5, huzuia zaidi ya asilimia 99 ya mimba, hakijali uzito wa mwanamke wala dawa anazotumia, na kikiachwa mahali pake huendelea kumkinga kwa miaka 10. Kwa kuwa hakiuzwi kaunta, mteja wa P2 huondoka bila kusikia kwamba kipo.