Kinga ya umeme: kabla ya kununua resori ya kiti, jua kwanza kilo zako

Kutoka Matonge, mtaa wa Bruxelles unaojulikana sana na Wakongomani, hadi soko la vitu vya mtumba la Place du Jeu de Balle, si mbali kwa mwenye kinga ya umeme. Lakini akifika Marolles anakutana na barabara za mawe yaliyopangwa, na hapo ni mgongo unaolipa.

Wengi hushangaa, kwani kinga hiyo walinunua ili kupunguza taabu. Kwenye kinga ya kawaida, mtu akiona shimo anasimama juu ya pedali na miguu inameza kishindo. Mwenye mota habanduki kitini. Anasaidiwa hadi kilometa 25 kwa saa, ambapo sheria ya Ulaya inataka mota iache kusukuma, na mawe yanamkuta amekaa. Kinga nyingi za mjini zina amotisere ya mbele peke yake. Kishindo cha nyuma kinapanda moja kwa moja hadi kiunoni.

Kuna dawa isiyoomba kubadilisha kinga nzima: nguzo ya kiti yenye resori. Ya bei ndogo ni bomba ndani ya bomba, resori ikiwa katikati, na kiti kinashuka wima. Ya bei kubwa ina vyuma vyenye maungio vinavyopeleka kiti chini na nyuma kidogo. Hii ndiyo inayomeza vizuri zaidi vishindo vidogo vya mfululizo.

Lakini aina si kitu cha kwanza. Kitu cha kwanza ni kilo za mpandaji. Resori ya mtu wa kilo 100, akikaliwa na mtu wa kilo 60, haitikisiki. Ni sawa na chuma kitupu, na pesa zimepotea. Resori laini mno nayo inagonga chini kwenye kila shimo. Watengenezaji wazuri huuza resori za ugumu mbalimbali. Ukikaa tu bila kwenda, kiti kinapaswa kushuka kidogo, karibu sehemu moja kwa tano ya mwendo wake wote.

Kisha upana. Nguzo nyingi ni za milimita 27,2, 30,9 ao 31,6, na namba huandikwa chini ya nguzo ya zamani. Nguzo nyembamba inaweza kuvalishwa pete ndani ya bomba pana. Nene haiwezi kuingia kwenye bomba jembamba, hata fundi akitumia nyundo. Watu wafupi wapime pia nafasi kati ya fremu na kiti, sababu resori inaomba urefu wake.

Na kabla ya kutoa pesa, punguza upepo kidogo kwenye mipira, bila kushuka chini ya kiwango kilichoandikwa ubavuni. Mara nyingine hiyo pekee inatosha. Wachonga chukudu wa Goma wanajua siri hiyo tangu zamani: wanavalisha magurudumu ya mbao kipande cha mpira.

Atakayefunga nguzo mpya asiivute kupita alama ya mwisho iliyochorwa juu yake. Baada ya miezi, kiti kikianza kucheza upande kwa upande, maungio yanaomba fundi.