Kiti cha Pikipiki Kuukuu

Ikiwa unaishi Madaba, kandokando ya barabara ya Njombe kwenda Songea, nawe unayo Honda CG125, aina iliyotokea mwaka 1976, kiti kikichakaa usinunue kingine kwa kuvutiwa na sura. Kiti kisicholingana na matundu ya fremu huchezacheza, nacho chaweza kumwangusha mkeo uliyempakia. Kwanza chunguza bati la chini la kiti cha zamani. Ikiwa halijaliwa na kutu, mpelekee fundi makochi alitandikie sponji ngumu na kulivika plastiki nzito isiyopitisha mvua. Ikiwa limeoza, lisitupwe. Nenda nalo dukani liwe kipimo. Ukishakifunga kiti, keti: nyayo zote mbili zikanyage ardhi. Usiache mbachao kwa msala upitao.