Game Ni Bure na Bado Uwanja Ni Mtupu: Hivi Ndivyo Vyuo Vidogo Marekani Huvuta Macomrade

Hii stori unaijua. Ni Jumamosi saa tisa mchana na timu ya kampo yenu iko uwanjani. Ukihesabu mashabiki unapata masub, dereva wa basi la wageni, mama wa smokie na mayai, na dem wa kipa. Mita mia mbili kutoka hapo, ukumbi wa TV umejaa hadi wasee wanasimama mlangoni wakicheki Arsenal. Mimi nimewahi kusimama kando ya laini kwa game kama hiyo na kufika mapumziko nilikuwa nimejua majina ya mashabiki wote. Hatukufika kumi.

Kama ulidhani hii ni ngori ya Kenya pekee, tulia. Huko Marekani, kwenye unaona vyuo kama Michigan na Ohio State vikijaza watu zaidi ya 100,000 kwa game moja, kuna vyuo vingine mob vidogo ambavyo vinalia kilio kama chetu. Na kwao si mambo ya fun tu. Kuna chuo kinaweza kufunga milango.

Wacha tufafanue pole pole.

Kwanza, ni football gani hii?

Hapa hatuongelei ile ya Harambee Stars. Ni football ya Marekani, ile ya helmeti, mabega yamejazwa mapedi na mpira una umbo la yai. Michezo ya vyuo huko husimamiwa sana na NCAA, na NCAA imegawanya vyuo kwa madaraja matatu. Daraja la kwanza ndilo la wale magiants wa kwa TV. Daraja la tatu lina vyuo zaidi ya 400, mob yakiwa madogo. Vingine vina wanafunzi elfu moja au mbili hivi, yaani ni kama shule kubwa ya upili ya huku kwetu.

Sheria kubwa ya daraja la tatu ni hii: hakuna kulipiwa karo juu ya kucheza. Msee anaweza kupata msaada wa karo kwa sababu ya grades ama kwa sababu familia haina doh, lakini si kwa sababu anajua kukimbia na mpira. Kwa hivyo mchezaji ni mwanafunzi anayelipa kama wengine.

Sasa piga hesabu. Timu ya football ya huko inaweza kuwa na wachezaji 100. Kwa chuo cha watu elfu moja, hiyo ni asilimia 10 ya kampo nzima. Ndio maana vyuo vidogo kadhaa vimeanzisha football makusudi, ili vijana waje kusoma hapo. Kwao timu ni mlango wa kuingizia karo.

Kwani mashabiki wanahusika aje na karo?

Hapa ndipo stori inakuwa serious. Tiketi ya mwanafunzi kwa hizi game kawaida ni bure, so chuo hakitafuti doh ya getini. Kinachotafutwa ni kijana wa mwaka wa kwanza asichoke na kampo.

Wamarekani wana jina la kuchekesha kwa chuo ambacho Ijumaa jioni kila mtu anabeba begi anaenda hao. Wanakiita chuo cha sutikesi. Ukibaki huko wikendi unasikia tu friji ikilia. Mwanafunzi akikaa wikendi tano hivyo, anaanza kujiuliza kwa nini analipa pesa yote hiyo kukaa pweke. Akitoka, karo imetoka. Naye yule mchezaji aliyeletwa na football akicheza mbele ya viti vitupu, pia anaanza kujiuliza maswali.

Na kufunga si kitisho cha bure. Iowa Wesleyan, chuo kilichoanzishwa mwaka wa 1842 na kilichokuwa na timu ya football, kilifunga 2023. Mwaka uliofuata, Birmingham-Southern ya Alabama, iliyoanza 1856, ilifunga rasmi tarehe 31 Mei 2024. Siku hiyo hiyo timu yao ya besiboli ilikuwa inaanza kucheza fainali za kitaifa za daraja la tatu. Yaani vijana waliingia uwanjani wakiwakilisha chuo ambacho kufikia usiku hakikuwepo tena. Maze, hiyo ilikuwa noma.

Hakuna mtu anasema mashabiki wangeokoa hivyo vyuo. Shida zao za pesa zilikuwa deep. Lakini unaelewa kwa nini vyuo vidogo vinachukulia Jumamosi serious: kampo yenye watu wanajuana na wanapendana ni ngumu kutoka.

Kwa nini hawakuji?

Sababu hazina tofauti sana na zetu. Game nyingi ni Jumamosi mchana, na Jumamosi mchana TV iko na magiants kutoka asubuhi hadi usiku. Wanafunzi wengine wako kazini, wanatafuta doh ya kulipia maisha. Game yenyewe inaweza kula masaa matatu na kuna kusimama simama kwingi. Na kuna ile sababu ambayo hakuna mtu husema kwa sauti: hawajui mtu yeyote kwa timu. Ukiwa hujui msee hata mmoja, hao ni watu 100 tu wamevaa helmeti.

Kocha wengi wakiulizwa dawa, watasema "tukianza kushinda watakuja." Hiyo haitoshi. Kila game iko na mshindi mmoja na mwenye kuchapwa mmoja, so kila Jumamosi nusu ya timu zote zinarudi hao zimenyamaza. Kama mpango wenu unategemea kushinda, nusu ya vyuo haina mpango.

Wacha tuone vitu ambavyo vimefanya kazi.

1. Beef ya ukweli

Sisi tunajua hii. Gor Mahia na AFC Leopards zinaweza kuwa na msimu mbaya zote mbili, lakini siku ya Mashemeji Derby watu wanatokea. Vyuo vidogo vya Marekani vimejenga maisha juu ya hiyo kitu.

Wabash na DePauw ni vyuo viwili vya jimbo la Indiana. Wabash ni ya wanaume pekee na haifikishi wanafunzi elfu moja. Walianza kupambana 1890, na tangu 1932 wanapigania kengele ya treni iliyotolewa na kampuni ya reli ya Monon. Ina uzito wa kilo 136 hivi. Mwenye kushinda anakaa nayo, na mwenye kupoteza anapanga kuiiba. Mwaka wa 1965 mwanafunzi mmoja wa Wabash alijifanya afisa kutoka Mexico, akaenda DePauw akawachocha, akaonyeshwa kengele ilipofichwa, na baadaye mbogi yake ikairudia usiku. Stori kama hiyo bado inasimuliwa hadi leo. Hakuna bango linaweza kununua hiyo.

Huko New York kuna Cortland na Ithaca. Tangu 1959 wanapigania mtungi. Ndiyo, mtungi. Mwaka wa 2019 walihamisha hiyo game hadi MetLife Stadium, uwanja wa Giants na Jets wa NFL, na watu 45,161 wakatokea. Hiyo ni rekodi ya daraja la tatu iliyopita ile ya 37,355 ambayo St. Thomas na St. John's za Minnesota waliweka 2017. Wengi hapo walikuwa watu waliomaliza shule kitambo, na hiyo ndiyo pointi: ukimfanya comrade apende game leo, atarudi akiwa na watoto.

Lakini beef hufa pia. St. Thomas walikuwa wakali sana hadi ligi yao ikawaambia waondoke. Wakapanda daraja la kwanza 2021 na debi ikaisha. Tunzeni adui yenu, wasee.

2. Mfanye kuwe na show

Vyuo vya kihistoria vya watu weusi huko Marekani, kama Jackson State, Grambling na Southern, vinajua siri hii kuliko wote. Kwa game zao, mapumziko ndio game. Watu wananunua chakula mpira ukiendelea, alafu wanarudi kukaa bendi ikiingia. Game ikiisha, bendi mbili zinabaki zikipigana kwa muziki, na wanaita hiyo robo ya tano.

Cheki hesabu ya ndani: bendi ya watu 100 ni wanafunzi 100 ambao tayari wako uwanjani, na kila mmoja ako na roommate, mpenzi na mbogi inayotaka kumrekodi. Kumpa mtu kazi ya kufanya ni rahisi kuliko kumwomba aje kutazama.

3. Kitu cha kienyeji, cha wanafunzi wenyewe

Hii mfano inatoka kwa basketiboli lakini ni tamu. Taylor University huko Indiana iko na wanafunzi kama elfu mbili. Kila Desemba, Ijumaa kabla ya mitihani, wanajaza ukumbi wakiwa wamevaa pajama na nguo za kuchekesha. Game inaanza na hakuna mtu anaongea. Kimya kabisa. Timu yao inafunga, kimya. Wanangoja hadi pointi ya kumi. Ikiingia tu, ukumbi mzima unalipuka, watu wanaruka kama wazimu. Mwishoni wanashikana mikono na kuimba Silent Night.

Hakuna gharama hapo. Ni wazo moja ambalo wanafunzi walilifanya lao. Kama dean angetuma memo ati "vaeni pajama", lingekufa siku hiyo.

4. Badilisha saa

Usiku chini ya taa watu hutoka. Hata sisi tunajua vile Impala Floodlit ilifanya raga ya usiku pale Ngong Road ikawa plan ya jioni. Chuo kikipata taa, game inakuwa mwanzo wa sherehe badala ya kuingiliana na usingizi wa Jumamosi.

5. Nipigie makofi nikupigie

Wachezaji wa football ni watu 100. Wakienda wote kushangilia voliboli ya madem Jumatano, Jumamosi hao madem watakuja. Timu ya raga ikienda kwa drama, drama itakuja kwa raga. Hii ndiyo njia ya bei rahisi zaidi kwa kampo ndogo, na inaanza na kepteni mmoja kusema "twende".

6. Tisheti za bure, lakini kwa akili

Vyuo hupeana tisheti, pizza na pointi za kwa simu. Inavuta watu, lakini ukipeana getini, msee anachukua na kuhepa. Peana mwisho mwisho wa game. Na ujue zawadi humleta mtu mara ya kwanza. Mara ya pili analetwa na mabeshte aliokaa nao.

Sasa kwetu je?

Kampo zetu hazina shida ya karo ya wachezaji kama huko, lakini upweke wa first year upo hapa pia. Kuna msee ametoka kwao Lodwar ama Kwale, hajui mtu, na wikendi anajifungia kwa keja na simu. Laini ya uwanja ni mahali anaweza kupata mbogi bila kulipa hata bob.

Kama wewe ni kepteni ama uko kwa serikali ya wanafunzi, anza hivi. Usijaribu kujaza kila game. Chagua moja kwa muhula, dhidi ya chuo kile mnakidharau zaidi. Tafuteni kitu cha kupigania, hata kama ni sufuria ya mess. Angalia ratiba ya EPL kabla ya kupanga saa. Game nyingi za Jumamosi huanza saa kumi na moja ama kumi na mbili jioni kwetu, so cheza mapema umalize kabla. Ita wasee wa isukuti. Bandika picha za wachezaji mess, na majina na course wanayosoma, ili watu wajue yule namba 9 ndiye hukaa nao kwa lekcha ya Jumatatu. Na mama wa smokie mwambie mapema, aongeze stock.

Watu 10 wakiwa 60, mchezaji anaskia tofauti. Nimeona vile beki hukimbia akisikia mtu anaita jina lake.

Wewe je, mara ya mwisho kusimama kwa laini ya timu yenu ilikuwa lini? Jumamosi ikifika, toka nje. Arsenal hata hawajui kama uko.